Kisima cha Kibuta na Maneno ya Mtani

Kibuta, Alhamisi, Julai 1969

Mawingu tangu asubuhi, baridi ya kipupwe, na mimi nimejikunyata kibarazani kwa dada kama kuku aliyenyeshewa. Leo sina raha.

Wiki nzima hapa kijijini habari ni mwezi tu. Watu wametua huko juu, redio imesema. Nimeshawaambia vijana wa hapa kwamba wangenipa nafasi ningekwenda mimi, maana darasa la tano nililoishia Maili Moja si sawa na darasa la tano la huku porini. Wamecheka. Haki yao. Mimi Mnyamwezi, wao Wazaramo, watani. Tangu nihamie kwa dada hatujasemezana neno la kweli hata siku moja.

Hapo ndipo nilipojinasa.

Jana mwalimu wa shule ya hapa alituambia jambo jingine. Miaka miwili nyuma, wenzao watatu hao waliotua mwezini waliungua ndani ya chombo kikiwa bado hapa hapa ardhini, kwenye majaribio. Mlango ulikuwa wa kufungukia ndani, hawakuwahi kuufungua. Na walikuwa wameshalalamika kwamba chombo kina kasoro. Lakini safari ilikuwa na ratiba yake.

Nikakiwaza kisima chetu, usingizi ukapotea.

Tunakichimba kwa kujitolea, kimeshapita kina cha watu wanne waliopandana mabegani. Juzi nilipoteremka zamu yangu, nikaona pale udongo mwekundu unapoishia mchanga unachuruzika wenyewe, haujaguswa. Baba amechimba visima maisha yake yote. Hapo unaweka mbao; usipoweka, ukuta unakuja na wewe uko chini.

Leo asubuhi nikamwendea mwenyekiti, Mzee Kibwana. Shikamoo, marahaba, nikamweleza polepole bila mzaha. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akawageukia wenzake.

"Mnyamwezi kachoka jembe. Anautafutia uvivu wake jina."

Wakashika mbavu. Nikaapa. Wakazidi.

"Jumamosi mkubwa wa wilaya anakuja kutazama maji," akasema mzee. "Mbao tutaweka akishaondoka."

Nakiri, nimeshawadanganya mara nyingi kwa uso huu huu mkavu. Ningekuwa wao ningecheka pia.

Nikamfuata Shomari, maana kesho zamu ni yake na mkewe ana mimba kubwa. Nikamwambia asiteremke.

"Mtani, nikifukiwa si utakula ubwabwa wa msiba? Unalia nini?"

Aliposema hivyo macho yake hayakucheka. Lakini atateremka. Nani atakubali Mnyamwezi amwite mwoga?

Nimezunguka hapa uani mchana kutwa. Kila neno nililonalo ni la utani. Sina jingine.

Basi nimetumia hilo hilo. Walipokwenda kuswali alasiri nimeikunja kamba ya kuteremkia kisimani, nikaibeba begani mbele ya wanawake wote waliokuwa wakitwanga. Mtani akichukua kitu chako huna ruhusa ya kukasirika, unakuja kukikomboa. Ndiyo desturi, na wao ndio walionifundisha.

Kesho watakuja kuniuliza nataka nini. Nataka mbao kumi na mbili, zipigiliwe kwanza, nikiwa nimesimama hapo natazama. Sipunguzi hata moja.

Kamba nyingine ya urefu huu haipo mpaka Kisarawe mjini. Nimeshaulizia.