Magunia Niliyoishonea Mipeasi

Jumapili jioni, Oktoba. Kumepoa, mawingu yametanda juu ya Kawangware tangu asubuhi, na nguo nilizofua jana bado zinadondosha maji kwenye kamba. Sina hamu ya kuandika. Naandika kwa sababu najijua: nikilala bila kuandika, nitaamka nimeshajitafutia kisingizio.

Leo nimeaibika. Mtu mmoja tu ndiye aliyeniona, na huyo mmoja ametosha.

Wanaopita hapa kunisoma mara kwa mara wanaijua mipeasi yangu, maana nimewachosha nayo. Kwa mgeni, niseme hivi: naishi chumba kimoja hapa mtaa wa 46, nashona sare za shule, na karibu na mfereji wa kuchotea maji wa ploti yetu nina miti miwili ya mapeasi ndani ya madramu yaliyokatwa katikati. Majirani wanapanda sukumawiki kwenye magunia, kitu cha maana, unachuma jioni unapika. Mimi nikataka mapeasi. Nilipokuwa msichana nilifanya kazi ya nyumba Limuru kwa miezi michache, msimu wa matunda. Mama mwenye nyumba alikuwa akiyahesabu mapeasi yakiwa bado mtini ili sisi wafanyakazi tusiguse. Niliondoka pale nimeapa kwamba siku moja nitakula peasi la mti wangu mwenyewe, bila kuangalia nyuma.

Basi mvua za mwezi wa nne zilipoanza nikanunua miche miwili iliyopandikizwa, imenifika kifuani, ina majani yanayong'aa. Niliipenda kupita kiasi. Nilikuwa naiamkia asubuhi kabla ya kuamkia watu.

Kisha ikaja baridi ya Julai. Majani yakageuka rangi, yakawa meusi kwenye kingo, yakaanza kuanguka. Kufikia Agosti nilikuwa na fimbo mbili zimesimama kwenye madramu. Zote mbili, kwa pamoja. Nikajiambia hilo si jambo la kawaida, kuna mtu.

Na nilikuwa tayari na mtu.

Mama Atieno alikuwa jirani yangu wa ukuta. Anatoka upande wa ziwa, alikuwa anauza omena, dagaa wa huko, pale getini kwetu, na kicheko chake ulikuwa unakisikia ukiwa bado barabarani. Nilishamwona mara kadhaa akimwaga beseni la maji kwenye madramu yangu. Maji yenyewe meupemeupe. Sikumwuliza ni maji gani. Nilijiuliza mwenyewe nikajijibu mwenyewe: jik, ile dawa ya kung'arishia nguo.

Jumamosi moja, ploti nzima ikiwa nje inafua, nilisimama katikati ya mabeseni nikapaza sauti. Nina sauti, hata wateja wangu wanajua. Nilisema ameniulia miti kwa wivu. Mama Atieno aliacha kufua, mikono imejaa povu, akanitazama kama mtu anayengoja mzaha uishe.

"Mama Faith, hiyo ni maji ya kuosha omena," akasema. "Nilikuwa nakuwekea mbolea."

Nikacheka. Kile kicheko cha kumshusha mtu mbele ya watu. Nikamwuliza omena gani inanuka jik. Ploti yote ilikuwa inanuka jik, ilikuwa siku ya kufua nguo nyeupe za kanisa. Beseni langu mwenyewe lilikuwa na jik.

Laiti ningeishia hapo. Lakini neno likitoka kwenye ploti kama yetu halirudi ndani. Kesho yake Mama Njeri wa chumba cha mwisho alihamisha gunia lake la sukuma kutoka karibu na mlango wa Mama Atieno. Wiki iliyofuata nikasikia wakisema huyo mkono wake si mzuri, ndiyo maana kila anachogusa kinakauka. Wanawake wakaanza kuvuka barabara kwenda kununua omena kwingine. Nilisikia yote nikanyamaza. Hapana, niandike ukweli: nilikuwa natikisa kichwa polepole, kama mtu anayejua mengi asiyotaka kuyasema.

Mwisho wa mwezi alihama, akaenda kukaa na dada yake Kianda, kule Kibera. Mkokoteni ulijaa kabla ya meza yake ya omena kupakiwa, ikabaki nyuma ya nyumba ya msimamizi wa ploti.

Nilifurahi. Naona aibu hata kuliandika neno lenyewe, lakini nilifurahi.

Septemba, nikiwa nachota maji, niliona kitu kwenye moja ya zile fimbo. Kijicho cha chipukizi kimevimba, kijani kwenye ncha. Nikakwangua gome kwa ukucha, ndani palikuwa pabichi. Nikaangalia mti wa pili, hali ni ile ile. Hapo ndipo nilipokumbuka maneno ya yule aliyeniuzia miche, wakati namsumbua kuhusu bei: baridi ikija usishtuke. Nilidhani ananiambia nivae sweta.

Miti haikuwa imekufa. Ilikuwa imelala, kama ilivyo desturi yake. Mimi nimezoea miembe na miparachichi, miti isiyovua nguo mbele za watu, sikujua kuna inayokaa uchi msimu mzima kisha ikavaa tena.

Mtu mwenye heshima zake angefanya nini? Angeita majirani palepale akasema jamani, nilikosea. Mimi niliingia ndani nikachukua magunia mawili, nikayakata, nikayashona kwa cherehani. Nilipima kabisa. Niliweka hadi pindo, na kamba ya kukaza chini. Halafu nikaivalisha mipeasi yangu ili mtu yeyote asione kwamba iko hai.

Walipouliza, nilisema nangojea miche mingine. Mama Njeri akanisifu, akasema nimefanya vizuri kuifunika, ule ubaya usije ukasambaa hadi kwenye sukuma zake. Nikasema ndiyo.

Ndiyo! Mdomo huu huu ninaokwenda nao kanisani.

Jumapili iliyopita roho ilinisuta nikaenda Kianda. Nilitembea nikijifundisha maneno njiani. Nilimwona kutoka mbali, karibu na kona ya kwenda Olympic: ameketi kwenye kigoda, omena iko kwenye karai, karai liko chini, vumbi la pikipiki linaiangukia. Hakuwa na meza. Meza yake iko kwetu. Nilisimama kidogo. Kulikuwa na mama anauza ndizi pembeni, nikanunua ndizi, nikageuka, nikarudi nyumbani nikila. Nilikula zote kabla ya kufika, na hata njaa sikuwa nayo.

Leo amekuja mwenyewe.

Watu walikuwa kanisani. Mimi nilibaki kumalizia sare za mteja. Nikasikia geti, nikainua macho, ni yeye. Amepungua. Akanisalimu vizuri tu, akasema amekuja kuchukua meza yake. Nikamwambia msimamizi bado hajarudi, akae angojee. Nikamletea kigoda na chai. Niliijaza kupita kiasi, ikamwagika kwenye sahani.

Tukakaa. Akatazama madramu.

"Hizi nazo ulizivalisha nguo?"

"Ni jua," nikasema. "Jua imekuwa kali."

Akaangalia mawingu. Akaangalia nguo zangu kwenye kamba. Hakubisha. Aliweka kikombe chini, akaenda kwenye dramu la kwanza, akafungua kamba niliyoikaza mwenyewe, akainua gunia.

Mti ulikuwa umejaa maua. Meupe, vishada vishada, yamebanwa na gunia kama nguo za kupigwa pasi zilizosahauliwa sandukuni. Sijui nilitegemea nini. Nilikuwa nakwepa hata kuchungulia.

"Kwani ilikuwa imelala tu?" Alisema taratibu, karibu na furaha. Nadhani kwa kitambo kidogo alifurahi kweli, kwa ajili ya mti. Kisha akanigeukia. "Na ulijua lini?"

"Juzi."

Hata hapo nilidanganya. Akachukua maua yaliyoanguka ndani ya dramu, yamekauka, yamekuwa ya kahawia, akayasugua kwenye kiganja yakawa unga.

"Juzi," akasema.

Nikasema pole. Ndilo neno lililotoka, pole, neno la kumwambia mtu aliyejikwaa, kana kwamba aliyemsukuma si mimi.

"Wamama wa hapa wanajua?"

Nikatikisa kichwa. Akashusha gunia polepole, akavuta pindo langu likae sawa, akakaza kamba.

"Basi wacha ikae hivyo. Si ndio unataka."

Wakati huohuo geti likafunguka, watu wakaanza kurudi kutoka kanisani. Msimamizi akaenda kumtolea meza. Mama Njeri akapita karibu yetu na Biblia yake mkononi, akamwona Mama Atieno, akakusanya sketi yake upande mmoja isije ikamgusa, akapita bila salamu. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao. Mgongoni kwangu kulikuwa na miti miwili iliyochanua. Nilichohitaji ni kuvuta kamba moja tu. Sikuvuta. Nilishika kikombe cha Mama Atieno nikaingia nacho ndani kana kwamba nina haraka ya kukiosha.

Nilipotoka, kijana wa boda alikuwa anafunga meza nyuma ya pikipiki. Mama Atieno alikataa nimsaidie kushika.

"Meza naenda nayo," aliniambia, akiwa hata hanitazami. "Jina yangu ndio imebaki hapa kwenu."

Hakupaza sauti. Ningetamani angepaza. Ningetamani angenitukana mbele ya watu nami nikapata angalau cha kumkasirikia.

Nimekaa na hilo neno mchana kutwa. Sare sijamaliza. Kabla giza halijaingia nilichukua mkasi nikakata nyuzi za magunia yote mawili, maana nilijua nikiyavua tu nitayavalisha tena. Nimeyaacha vipande vipande. Mipeasi iko wazi, kila anayekwenda mferejini ataiona.

Maua mengi yameshaharibika. Yalifunguka gizani, ndani ya gunia, na nyuki hawakuwa na pa kuingilia. Yakiguswa yanaanguka. Nimetafuta kila tawi nione kama kuna hata tunda moja lililoshika, sijaona. Mwaka huu sitakula peasi langu. Na safari hii najua ni nani aliyeniharibia.

Hilo nimelistahili. Lakini Mama Atieno hakustahili lake, na lake mkasi hauwezi kulikata.

Kesho asubuhi patakuwa na foleni ya maji, na mtu lazima ataona maua aulize. Nitasimama palepale niliposimama siku ya kufua. Nitaitumia sauti ileile, yote, nianze na jik ya beseni langu na nimalizie na magunia. Mama Njeri nitamtaja kwa jina, na mimi mwenyewe nitajitaja kwanza. Wakinicheka, wanicheke.

Naogopa. Naandika hivyo ili kesho nisijifanye sikuogopa.

Nikimaliza nitakwenda Kianda, nikamweleze kwamba nimesema, na waliosikia ni akina nani. Pale kwenye kona nitapita moja kwa moja hadi kwenye meza yake, na ndizi sitanunua.