Vidonge vya Manjano Bila Mtani

Kambi ya manamba, Mazinde. Jumapili. Huu ni mwezi wa ishirini na mbili tangu nitoke Tabora, na wa tano tangu tukuzike kwenu Handeni.

Mtani wangu Mhando,

Nyinyi Wazigua hamna adabu. Unakufaje kabla dawa mpya haijafika?

Imekuja sanduku zima: vidonge vya homa, vya manjano kama kiini cha yai. Penye kiti chako cha dispensari amekaa dresa mpya, Mchaga, bwana msafi. Kila chupa ameibandika jina. Wewe ulizijua kwa kunusa. Sikusengenyi, nasema kweli. Lakini huyu hana mtani hapa shambani. Nani amjaribie dawa?

Enzi yako sheria ilikuwa fupi. Dawa ngeni nameza mimi kwanza, siku saba, kambi ikitazama. "Mnyamwezi akifa, kwao wako wengi," ulisema, nami ningekataaje? Ila ulikuja asubuhi na jioni kunishika kifua na kunikagua macho, huku unanitukana. Nikiamka siku ya nane, watu wanapanga foleni.

Safari hii hakumeza mtu, na homa imelaza nusu ya kambi. Mkaguzi akaja kutoka Tanga, akahesabu vidonge, akakuta hakijapungua hata kimoja. Akasema atarudi baada ya siku kumi. Akivikuta vivyo hivyo, sanduku linahamia shamba jingine. Dresa akatuambia dawa hiyo imeshapimwa na kupitishwa na madaktari wakubwa Ulaya. Mkata mkonge mmoja akauliza kutoka nyuma, "Na hao walikuwa na mtani?"

Nikajitokeza. Hakuna aliyenilazimisha, Mhando. Nilimeza bila mtu wa kunitukana, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Siku ya sita niliamka nimekuwa wa manjano. Macho, viganja, mpaka nyayo. Mwenzangu wa chumba akakunja mkeka wake akahama. Kambi ikasema Mnyamwezi keshaiva. Nikaenda kumwonyesha dresa mikono. Akajibu bila haraka, "Ndivyo inavyofanya, haina neno. Imeandikwa kwenye karatasi ya sandukuni."

Imeandikwa! Nilimtukana kwa niaba yako. Nikamvuta hadi uwanjani wakati wa kuitwa majina, akaisoma karatasi kwa sauti, neno kwa neno, nami nimesimama kando kama papai. Alipofika penye ngozi, watu walinitazama mimi, wakaitazama karatasi, wakacheka hata nyapara akasahau alikuwa amefika jina la nani. Siku ya nane foleni ilifika kwenye reli ya mkonge.

Mkaguzi amerudi. Sanduku limebaki, na wagonjwa wameanza kuamka. Ameandika kitabuni kwamba dresa amefanya kazi nzuri. Jina langu halimo, wala lako.

Jana dresa alikuja chumbani kwangu. Akanishika kifua, akanitazama macho, kisha akasema kwa woga kwamba nikifa hata mchwa watanikataa. Mchaga si mtani wangu, haki hiyo hana. Nilimwacha. Alipotoka nikakulilia, maana mazikoni kwako nilikuwa na kazi ya mtani, kuchekesha watu.

Lala salama, mtani. Kipande changu cha mwisho, ile kadi ya siku za kazi, kitajaa wakati mahindi yanaanza kukauka, na mkataba utakuwa umekwisha. Nitashuka Korogwe, nitembee hadi Handeni, nipalilie kaburi lako na kulitukana kidogo. Ndipo niende kwetu.

Mimi mtani wako,
Maganga