Swali Lililochelewesha Damu

Mtwara,
Jumapili mchana

Mdogo wangu Ghati,

Amang'ana? Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Tarime, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la josho kimekuachia. Goti la Mama linaendeleaje? Ukienda Kenyamonta Jumamosi umpe shikamoo yangu kabla hujatua mzigo, maana najua ukishaanza kula unasahau. Mimi ni mzima. Joto la huku bado linanisumbua. Ugali wa muhogo nimeuzoea, lakini siku nikiota kichuri, ile supu chungu ya kwetu, naamka na njaa.

Ulipopiga simu juzi nilikuwa kazini, sikukujibu vizuri. Uliniambia mfumo wa hereni za ng'ombe uliouandikia ushirika wa wafugaji ulikwama siku ya chanjo, watu wakasimama juani na mifugo yao, na meneja wako akasema kompyuta imezeeka. Halafu ukashusha sauti ukasema, "Dada, nadhani si kompyuta. Nadhani ni mimi." Neno hilo limenikaa kichwani, ndiyo sababu naandika. Ngoja nikusimulie yaliyonipata mwenyewe.

Unajua kampuni yetu ni ya watu sita tu, na tunatunza kanzidata ya wachangia damu kwa hospitali kadhaa. Mwezi wangu wa tatu hapa nilitumwa kwenye hospitali moja ya wilaya kuona jinsi mfumo unavyotumika. Niliketi maabara na Mama Somoe, mtaalamu wa damu, mama wa makamo asiye na maneno mengi. Saa nne asubuhi muuguzi wa wodi ya wazazi akasimama mlangoni.

"Somoe, kuna mama anavuja damu. O hasi. Umebakiwa na ngapi?"

"Mfuko mmoja. Mpeleke huo. Natafuta mtu."

Akabonyeza kutafuta. Kiduara kikazunguka kwenye kioo. Kikaendelea kuzunguka. Mama Somoe akavuta droo, akatoa daftari lake la zamani, akampigia simu mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Mwalimu alikuwa ameshakubali na anatafuta bodaboda ndipo mfumo wetu ukaleta majibu. Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa la mwalimu yuleyule.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Mfumo wenu ni mzuri, mwanangu, kwa mtu asiye na haraka."

Yule mama alipona, namshukuru Mungu. Lakini nilirudi ofisini na aibu. Bosi wetu, Bwana Nandonde, alishaanza kuzungumzia kununua seva mpya. Nikaomba siku mbili kwanza. Wenzangu wakacheka, si kwa ubaya. Wanasema mimi hata nikiomba chumvi nasikika kama natangaza vita.

Sikubahatisha, Ghati, na wewe usibahatishe. Niliiuliza kanzidata yenyewe. Ukiweka neno EXPLAIN mbele ya swali lako la SQL, inakuonyesha njia itakayopita kutafuta majibu. Yangu ilikuwa inasoma jedwali zima la wachangiaji, mstari kwa mstari, kila mara, kama mtu anayetafuta ng'ombe wake mmoja kwa kukagua kila zizi kutoka Kenyamonta hadi Kisaka. Kundi la damu halikuwa na faharasa, ile orodha inayoelekeza moja kwa moja kitu kilipo; wilaya haikuwa nayo. Tarehe ilikuwa nayo, lakini haikutumika, kwa sababu aliyeandika swali aliifunga safu ya tarehe ndani ya hesabu: chukua siku ya mwisho kuchangia, ongeza miezi minne ya kupumzika kabla ya kuchangia tena, linganisha na leo. Kwa hiyo hesabu ilipigwa kwa kila mtu aliyemo. Niligeuza. Nikaitoa miezi minne kwenye leo, mara moja tu, na safu nikaiacha kama ilivyo.

Tena, baada ya kupata orodha, programu ilikuwa inarudi kuuliza namba ya simu ya kila mmoja peke yake. Nikaunganisha majedwali mawili kwa JOIN, likawa swali moja. Na ile nyota ya SELECT *, inayoagiza kila safu, nikaiondoa, maana ilikuwa inabeba hata picha za vitambulisho ambazo hakuna anayezitazama.

Ningekuwa na busara ningeishia hapo. Lakini nilishaonja utamu, nikaweka faharasa kwenye kila safu, zote kumi na tisa. Nikajaribu kwenye kompyuta yangu yenye majina machache ya kubuni, mambo yakaruka. Tukauweka mfumo kazini.

Wiki haikuisha, Mama Somoe akapiga simu. Kutafuta kumekuwa kwepesi, akasema, ila kuandikisha kumekufa. Siku hiyo walikuwa shule moja ya sekondari, wanafunzi wamepanga foleni kutoa damu, na kila jina jipya linachukua muda hadi wengine wameanza kurudi darasani. Nikaelewa palepale nilichofanya. Kila jina lililoingia lililazimika kuandikwa kwenye faharasa zote kumi na tisa.

Tulipokutana kikaoni asubuhi hiyohiyo Bwana Nandonde akasema, "Mtandao wa ile shule ni mbovu." Wote wakaitikia. Ningenyamaza, hakuna ambaye angejua.

Nikasema, "Si mtandao. Ni mimi. Niliongeza faharasa zisizohitajika, na sikujaribu kwa data nyingi."

Bwana Nandonde akavua miwani. "Kurekebisha kutachukua muda gani?"

"Kabla ya saa sita."

Nikatengeneza nakala yenye wingi uleule wa kumbukumbu halisi, nikafuta faharasa karibu zote, nikabakiza moja inayobeba kundi la damu, wilaya na tarehe kwa mpangilio huo, pamoja na ile ya namba ya mchangiaji. Nikajaribu kutafuta, nikajaribu kuandikisha, kisha ndipo nikagusa mfumo wenyewe. Saa tano na nusu Mama Somoe akapiga tena. "Foleni inatembea," akasema, akakata simu.

Seva mpya haikununuliwa. Na siku hizi, Ghati, hakuna anayebadilisha swali lolote kwenye mfumo ule bila kuniletea mimi kwanza nilisome. Watu wenye shahada kubwa kuliko yangu wanasimama kwenye meza yangu na kusubiri. Nakueleza hili bila haya, kwa kuwa wewe ni damu yangu: najivunia. Najivunia kile kikao kuliko hata kazi yenyewe.

Sasa turudi kwako. Angalia namba ya hereni umeihifadhi vipi. Kama jedwalini ni maandishi na wewe unaitafuta kama tarakimu, faharasa huenda haitumiki kabisa. Anza na EXPLAIN. Tengeneza nakala kabla hujagusa kitu. Na ukiandika UPDATE ya kubadilisha kumbukumbu usisahau WHERE inayotaja ni ng'ombe yupi, la sivyo ng'ombe wote wa wilaya watakuwa wa mtu mmoja, na wazee wetu unawajua.

Ukishalipata kosa, mwambie meneja kwa mdomo wako, usingoje alione. Umeandika mfumo mzima peke yako, katika ofisi ambayo umeme unakatika unavyotaka. Mtu aliyefanya hivyo anaweza kusema "nilikosea" na bado akaheshimiwa. Mimi huku nawaonyesha wenzangu picha yako ukiwa joshoni na kompyuta mapajani, nawaambia huyu ni mdogo wangu.

Nisalimie Mama, na kaka yetu mkubwa na shemeji na watoto wao. Shangazi wa Nyakunguru mwambie kitenge nimekipata, nakituma kwa basi. Na Bibi mzaa baba, anayeuliza kila mara nafanya kazi gani huku mbali, mwambie hivi: kuna mama akijifungua anapungukiwa damu, na mjukuu wake ni mmoja wa wanaoitafuta, na siku hizi haichelewi.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Bhoke