Magongo Kutoka Muleteca

Paysandú, 14 Agosti

Kaka yangu mpenzi Wilmar,

Pokea salamu zangu nyingi za upendo, na baada ya salamu nikujulie hali. Joto la huko Valencia linakuachia upumue? Huku baridi inatutafuna, lakini tu wazima, na leo nina furaha hata kalamu haishikiki. Mama anatembea! Najua nimeanzia mwisho, nisamehe, nimeshindwa kungoja.

Alipovunjika nyonga, daktari aliniita kando akaniambia kwamba asipoinuka kabla baridi haijaisha, hatainuka tena. Na mama unamjua. Mtu ambaye hajawahi kuazima hata chumvi, aazime magongo? Alisema kuazima ni kwa watu wasio na haya, akageukia ukutani. Nami nikawa nalia jikoni kimyakimya.

Unaikumbuka ile discoteca ulikokuwa ukijitia mcheza dansi? Ilifungwa, upepo ukaangusha herufi za mwanzo za kibao, ikabaki TECA peke yake. Don Heber, yule bawabu wa zamani, alitaka kuing'oa nayo. Mwalimu Delmira akamkataza. Alimweleza kwamba hilo ni neno la Wagiriki, kasha la kuwekea vitu, na sisi tumelirithi tukalipachika nyuma ya kila tunachokihifadhi, viwe vitabu, picha au sahani za muziki. "Wewe sema tu unaweka nini, mengine Wagiriki wameshamaliza." Don Heber akafikiria magongo. Si unajua hapa kwetu aliyepona hathubutu kuyalaza magongo nyumbani, yasije yakamwita tena chini? Yalikuwa yakitupwa ovyo nyuma ya kanisa. Basi akapaka rangi herufi MULE, za muleta yaani gongo, mbele ya hiyo TECA, na Muleteca ikajaa mpaka mlangoni.

Sheria yake ni moja: aliyepona humpelekea magongo mgonjwa anayefuata, na hamwachi mpaka amfundishe kutembea. Nikapeleka jina la mama kwa siri. Kesho yake akabisha hodi mwanamke mmoja. Jina lake nitalitaja huko mbele, usilikimbilie.

Mama kumwona tu, akamwambia atoke. Hakutoka.

"Nitoke niende wapi? Sheria ni sheria. Inuka, mvivu wewe!"

"Heri nioze hapa kuliko kushikwa na mkono wako."

"Oza basi, lakini oza umesimama!"

Wilmar, mama alisimama kwa hasira! Alitaka kumtoa nje yeye mwenyewe. Yule mwanamke akawa anakuja kila asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe, wakitukanana kutoka kitandani hadi mlangoni na kurudi. Matusi yakapungua, hatua zikaongezeka. Juzi niliwakuta barazani wakinywa chai ya yerba kwa mrija mmoja na kumsengenya jirani. Na jana mama aliyapeleka yale magongo kwa fundi viatu aliyevunjika mguu, na nasikia anamtukana vilevile.

Sasa kaa chini. Ni Zulma. Ndiyo, huyo huyo, shoga yake mama wa kufa na kuzikana, aliyeondoka na baba. Hatimaye baba alimwacha na yeye pia. Najua uliapa hutamwamkia maisha yako yote. Mimi mwenyewe nilipofungua mlango nilitaka kuufunga, na namshukuru Mungu kwamba Zulma alikuwa ameshatanguliza gongo ndani. Bila yeye ningekuwa nakuandikia mambo mengine kabisa.

Mama amemwalika Krismasi, na wewe utakuwepo. Nikamuuliza nikuambie nini ukikasirika. Alikuwa anakanda unga wa maandazi, hata hakuinua kichwa. Akasema:

"Mwambie siku ile niliachwa na watu wawili. Mmoja amerudi."

Wabusu watoto, na mkeo umpe pole kwa kukuvumilia. Tunakungoja sote kwa hamu.

Dada yako akupendaye,
Nibia