Tawi la Kwenye Geti

Wisconsin, Marekani
12 Desemba 2011

Kwako Shiko, rafiki yangu wa ploti ya jirani,

Pokea salamu nyingi, na umpe mama yako, Mama Njambi, zake kabla hujasoma mbele. Naomba Mungu barua hii iwakute wazima huko Nyahururu, na kifua cha mama kiwe kimetulia. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Ile ya Ainabkoi tuliyokuwa tukilalamikia ilikuwa mchezo.

Uliniuliza kwa simu nafanya nini hasa. Nasomea kuwa msaidizi wa mwalimu wa Kiswahili. Cheka tu, mimi niliyekuwa nakopi insha zako. Wanafunzi wangu ni Wazungu watu wazima, na wananiamkia shikamoo hata walionizidi umri, mpaka naona haya. Jumamosi huenda shambani kwa Bi. Carol, mkulima anayenikaribisha. Shiko, mashambani huku ni kuzuri. Nilipofika Agosti mahindi yalikuwa yamesimama hadi macho yanachoka, utadhani uko Cheptiret. Nilimkamulia ng'ombe mmoja kwa mkono, akashangaa. Siku hiyo nilifurahi sana, kisha nikajiuliza nina haki gani ya kufurahi.

Mwezi uliopita tuliambiwa kila mmoja afundishe somo dogo la dakika kumi. Nilichagua kuomba msamaha, nikidhani ni rahisi. Mzee mmoja akauliza mtu husema nini kama kosa ni la zamani na aliyekosewa hajui. Nilimwambia nitamjibu wiki ijayo, na mpaka leo namkwepa. Halafu juzi Bi. Carol alikuwa akifunga matawi mabichi mlangoni, desturi yao ya Krismasi, akaniomba nimshikie kamba. Nilirudisha mikono mfukoni. Nikasingizia baridi.

Unakumbuka ile wiki ya mwaka mpya wa 2008, baada ya uchaguzi, kijiji chetu cha Yamumbi kikiwaka. Mama yangu alifunga tawi bichi kwenye geti lenu, ishara kwamba hiyo ni nyumba ya watu wa kabila letu, vijana waliokuwa wakichoma waipite. Akamwambia baba yako mtulie ndani, msikimbilie kanisani. Mzee Muigai akamwamini. Kisha mama akaenda kumtazama nyanya. Tangu hapo mmesema upepo ulilitupa lile tawi, na kila Krismasi mama yako humpigia mama yangu kumshukuru kwamba alijaribu.

Haukuwa upepo, Shiko. Kipkirui, binamu yangu, alipita saa tisa mchana akasema vijana wanaomjua mwenye nyumba wako njiani, na aliyefunga tawi atachomwa pamoja na wenyewe. Niliogopa. Nililifungua, nikalitia jikoni motoni. Nilipanga kupita kwenye ua niwaambie mtoke. Badala yake nilikaa nikamenya viazi, sufuria nzima, mpaka nikasikia mabati yenu yakilia kwa moto. Mlitoka mbio kupitia mahindi, mzee bila hata koti, na baridi ya kambi ya wakimbizi ikamuua. Nilikuja mazishini nikalia kuliko wewe, ukanishika mkono ukinituliza. Hilo ndilo linaniumiza zaidi.

Mama yangu hajui. Nitamwandikia kesho. Sikuombi unijibu.

Wasalimie wote wanaoniuliza. Na Krismasi hii, mama yako akichukua simu amshukuru mama yangu, msomee kwanza barua hii.

Ni mimi,
Jebet