Vipimo vya Meko ya Toongabbie

Mpendwa shemeji Desideri,

Fremu ya mbao ya meko ya kuotea moto imesimama. Tuliifunga Jumamosi, Neema binti yangu akishika na mimi nikikaza skrubu, na imelala ukutani hivi kwamba hata karatasi haipenyi nyuma yake. Najua ungetaka kujua hilo kwanza. Jambo la pili ni gumu zaidi kulieleza.

Unakumbuka tulivyoikuta? Neema alikuwa ndiyo kwanza amenunua nyumba hii ya zamani, na mchwa walikuwa wamekula mbao zote zilizozunguka meko ya sebuleni, rafu ya juu na miguu yote miwili. Ulipiga magoti, ukaingiza kichwa kwenye tundu, ukatoka na masizi puani. "Bon," ukasema kwa Kifaransa chako, "tunatengeneza upya. Wewe chora, mimi nakata." Mgawo ulikuwa wa haki. Mimi nilifundisha uchoraji wa ufundi maisha yangu yote ya kazi, na wewe ulikuwa seremala tangu kambi ya wakimbizi Kigoma, kabla hujamwoa mdogo wangu Yustina. Mchoro wangu wa kwanza uliutazama ukacheka. "Shemeji, huu ni mlango wa ofisi." Tukapatana uchonge mstari mmoja wa majani kwenye ukingo wa rafu.

Kisha korona ikalifunga jiji. Wewe na mbao mkabaki kwenye gereji yako kule mtaa wa Guildford, mimi nikabaki na ukuta huku mtaa wa Toongabbie, na kutembeleana kukakatazwa.

Nyumba ya zamani haina kona iliyonyooka. Sakafu yetu imetitia upande mmoja, kwa hiyo mguu wa kushoto ulipaswa kuuzidi wa kulia kwa milimita kumi na nne. Ukuta nao una tumbo. Nyuma ya rafu hapakatwi kwa kufuata rula, panakatwa kwa kufuata tumbo hilo, la sivyo panabaki nyufa. Haya nilikusomea kwenye simu kila asubuhi.

"Nisomee tena mguu wa kushoto."

"Nilikusomea jana, Desideri."

"Jana nilikuwa bado kijana."

"Andika basi!"

"Mimi nilioa ukoo wa walimu, jamani. Yustina alinisahihisha mpaka namna ya kukoroga chai."

Ukishafika kwa Yustina ulikuwa hutoki. Ungeanza habari ya chumba chenu cha kwanza, mvua ilivyoingia, alivyokucheka ulipotengeneza kitanda kisichopita mlangoni. Nami ningekukata: "Tupo kwenye mguu wa kushoto." Tangu tumzike ulikuwa ukiishi peke yako, na mimi nililijua hilo kama ninavyojua anwani yako, bila kulifikiria.

Nikachoka. Nikafanya anachofanya mwalimu mwanafunzi akiuliza swali moja mara nyingi. Nilikaa siku tatu nikachora karatasi moja kubwa yenye kila urefu, kila pembe, na kina cha ukuta kila baada ya sentimita kumi. Nikaipiga picha nikakutumia, na chini nikaandika: "Sasa huna haja ya kupiga tena." Ukajibu, "Asante, Mwalimu."

Hukupiga. Siku ya tano Neema, aliyerudi kutoka zamu wodini na alama za barakoa usoni, aliniuliza habari zako.

"Unaona?" nikamwambia. "Mchoro ukiwa mzuri hauhitaji maelezo."

"Baba, mpigie wewe."

"Akikwama atapiga."

Siku ya tisa alipiga Mama Furaha, jirani yako Mkongo. Alikuwa ameona taa ya gereji ikiwaka mchana na usiku. Akaita msaada, wakakukuta kitandani. Wakasema ni korona, na kwamba ulikuwa umefariki tangu juzi yake. Ulizikwa na watu wachache walioruhusiwa, nami nikatazama kwenye simu ya Neema, picha ikikatikakatika.

Walipofungua jiji tulikwenda kuchukua mbao. Nilidhani nitakuta kazi nusu, nikabeba zana za kumalizia. Nilikuta kila kipande kimekamilika: majani yamechongwa, tumbo la ukuta limefuatwa, mguu wa kushoto umezidi kwa milimita kumi na nne. Vumbi lilikuwa limeshalala juu yake.

"Hizo?" Mama Furaha aliniambia. "Papa Desideri alimaliza zamani sana. Aliniita kwenye uzio nikaziangalie. Wiki tatu nzima mbele ya kuanza ile homa, nakuambia."

Nimehesabu. Karatasi yangu nilikutumia mbao zikiwa zimeshachongwa zote. Asubuhi zile zote za mwisho ulikuwa ukiniomba vipimo vya mguu uliosimama mbele yako umekatwa tayari. Nami nilikusomea, nikakusahihisha, nikakukemea, na sikukuuliza hata mara moja umekula nini, au unakula na nani.

Watu wa kanisani wanakuja, wanapapasa yale majani, wananiuliza fundi ni nani. Nawaeleza vizuri sana kuhusu sakafu na ukuta. Kisha naenda jikoni kuchemsha chai. Wanadhani ni majonzi ya kawaida. Ningemwomba mtu msamaha, lakini wa kunisamehe ndiye niliyemwandikia asipige tena.

Pumzika na mke wako, shemeji.

Kaka yake Yustina