Mkongojo wa Kemunto

Jumatano jioni, Suneka

Eti mwisho wangu hauna matumaini!

Nimechora kurasa nane za katuni kuhusu Kemunto, mwalimu mwenye ugonjwa wa selimundu kama mimi. Mifupa inamuuma, analazwa, anatoka hospitalini, anarudi darasani na mkongojo wake. Leo mhariri wa jarida moja pale Kisii mjini amenionyesha ukurasa wa mwisho. Amempa mtu mwingine auchore upya bila hata kuniuliza. Sasa Kemunto anapanda mlima mbio, na mkongojo ameutupa katikati ya majani chai.

“Dada, wasomaji wanataka muujiza,” akasema.

“Mimi sijapona,” nikamwambia, “na nimesimama hapa mbele yako.”

“Ndiyo maana hii ni hadithi.”

Kana kwamba maisha yangu hayafai kusomwa mpaka niponywe! Nyonga hii inayoniuma nimeishi nayo tangu utotoni, na bado nafundisha, napika, nagombana na watu. Nilimwomba kurasa zangu zote, pamoja na ule uliochorwa upya, nikaondoka. Naogopa hakuna mwingine atakayezichapisha.

Nyumbani nimemwonyesha Mama ukurasa ule. Yeye ndiye hunikanda kwa maji moto maumivu yakizidi. Ameweka kidole pale kwenye majani chai.

“Huyu ametupa mkongojo?”

“Ndiyo, Mama.”

“Na kesho akiumwa, atashukaje huko mlimani?”

Nimecheka mpaka machozi yakanitoka. Kisha nimeurudisha ukurasa wangu wa mwisho, niliouchora mwenyewe, mahali pake.